Kunasa umeme wa ubongo kwa nguvu ndogo: mwongozo kamili wa kubuni sakiti ya kupandikiza na kuijaribu mezani

Vijana wa uhandisi wanaoniletea bodi zao hukwama mahali palepale. Wamenunua chipu nzuri, wameunganisha kila waya, na kwenye skrini wanaona wimbi moja nene la 50 Hz, yaani mtetemo wa umeme wa ukutani. Wakilishinda hilo, betri inaisha kabla ya chakula cha mchana. Wakibadilisha betri, boksi linapata joto mkononi. Kifaa kinachopasha joto kiganja cha mkono hakiwezi kukaa chini ya fuvu la mtu.

Chanzo ni kimoja: wananunua kwanza, wanapiga hesabu baadaye. Kwenye kazi hii mpangilio unageuka. Unaanza na joto ambalo ubongo unaweza kulivumilia, unarudi nyuma hadi kwenye amplifaya, na kila maikroampea unayoitumia lazima iwe na sababu.

Tutajenga chaneli moja (njia moja ya kunasia ishara) mezani, ndani ya maji ya chumvi, kwa vipuri vya kawaida. Ikifanya kazi, tutaona jinsi ya kuhamia kwenye chipu ya chaneli 32, kisha jinsi ya kuifunika isiharibiwe na maji.

Onyo kabla ya yote. Hakuna kitu katika mwongozo huu kinachoruhusiwa kuingia kwenye mwili wa mtu au mnyama. Kufika huko kunahitaji vibali vya maadili na vya vifaa tiba (Tanzania utakutana na NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba; Kenya na NACOSTI, tume ya sayansi, pamoja na Bodi ya Famasia na Sumu), madaktari wa upasuaji wa ubongo, na miaka ya majaribio. Pia usiunganishe kamwe bodi hii kwa mtu huku kompyuta ikiwa kwenye chaja.

## Vifaa

Sehemu ya analogi:

- INA333, amplifaya ya kupima tofauti, 1
- MCP6002, ina amplifaya mbili ndani yake, 1
- MCP1700 ya volti 3.0, ya kutuliza umeme wa betri, 1
- Rezista: 11 kΩ, 5.1 kΩ, 510 kΩ, 10 kΩ, 10 Ω, 100 Ω, 100 kΩ (mbili), 1 MΩ (mbili)
- Kapasita: 68 pF, 330 pF, 100 nF (nne), 1 µF (tatu)
- Betri ya litiamu ya mAh 100

Sehemu ya dijitali: moduli yenye nRF52832, chipu yenye kompyuta ndogo na redio ya Bluetooth. Nitaeleza mbele kwa nini si ESP32, chipu maarufu ya Wi-Fi.

Vya mezani: osiloskopu (skopu), multimita, simu yenye tundu la spika za masikioni, sufuria ya alumini yenye mfuniko, glasi, chupa ya dripu ya chumvi ya 0.9% kutoka duka la dawa. Ukikosa dripu, yeyusha gramu 9 za chumvi ya mezani kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa.

Elektrodi (ncha za chuma zinazonasa ishara): waya mwembamba wa koili wenye rangi ya kuhami (hata wa transfoma iliyokufa), na vipande viwili vya waya wa fedha. Shaba ni sumu kwa tishu za ubongo, kwa hiyo waya ule mwisho wake ni kwenye glasi.

## Hatua ya 1: Andika bajeti ya joto

Chukua karatasi. Kanuni za vipandikizi vyenye umeme zinataka uso wa kifaa usizidi joto la mwili kwa zaidi ya 2 °C. Kwa ubongo wabunifu wengi hujibana zaidi na kutumia 1 °C.

Kwa chipu iliyobandikwa moja kwa moja juu ya safu ya elektrodi aina ya Utah (kipande chenye sindano nyingi ndogo zinazochomekwa kwenye ubongo), vipimo vinaonyesha ongezeko la takriban 0.03 °C kwa kila miliwati 1. Hivyo 1 °C inaliwa na miliwati 33 hivi. Usizitumie zote. Koili ya kupokea umeme bila waya nayo hupata joto, tishu za kila mgonjwa zina mtiririko tofauti wa damu, na hesabu za mezani huwa na matumaini kupita kiasi. Mimi huandika 10 mW juu ya karatasi na kuipigia mstari. Hiyo ni jumla ya kila kitu: amplifaya, kubadilisha kuwa namba, kuchakata na kurusha kwa redio.

Sasa utaona kwa nini ESP32 haifai. Wi-Fi yake inaporusha huweza kuvuta zaidi ya mA 200, yaani zaidi ya nusu wati. Ni kifaa kizuri sana cha kuwasha taa za nyumbani. Hapa kinameza bajeti yote mara hamsini.

Umefaulu ukiwa na karatasi yenye mistari minne ya matumizi na jumla isiyozidi 10. Bado huna hata kipuri kimoja mezani.

## Hatua ya 2: Chagua unachotaka kusikia

Elektrodi iliyo karibu na neva (hapa, seli moja ya ubongo inayotuma ishara za umeme) hunasa vitu viwili kwa pamoja. Kuna milipuko, yaani mapigo mafupi ya umeme, ya neva mojamoja: kila mmoja huchukua milisekunde 1 hivi, una ukubwa wa maikrovolti (µV) 50 hadi 500, na nguvu yake nyingi iko kati ya 300 Hz na 5 kHz. Chini ya 300 Hz kuna mawimbi ya kundi, ya polepole na makubwa kidogo, yanayoweza kufika milivolti 1.

Juu ya hayo kuna mgeni ambaye hakualikwa: volteji tuli inayozaliwa pale chuma kinapogusana na majimaji ya chumvi. Hiyo huwa makumi ya milivolti, yaani mara mia kadhaa ya ukubwa wa mlipuko unaoutafuta. Wengi hukwama hapa. Wanaweka ukuzaji wa 1,000 kwenye amplifaya ya kwanza, 50 mV tuli inataka kuwa volti 50, na amplifaya yenye umeme wa volti 3 inagonga dari na kunyamaza. Wanadhani chipu imeungua.

Hapa tunachagua milipuko, 300 Hz hadi karibu 4.5 kHz. Kuchagua bendi moja kunakupa ruhusa ya kutupa kila kitu nje yake, na kila unachotupa ni nguvu uliyookoa.

## Hatua ya 3: Andika bajeti ya kelele

Kelele, yaani mtikisiko wa umeme usio na maana unaochanganyika na ishara, haiepukiki, ila unaweza kuchagua ni kiasi gani unailipia.

Elektrodi yenyewe hutoa kelele ya joto. Sehemu ya ukinzani ya 100 kΩ, kwenye joto la mwili na upana wa masafa wa 5 kHz, hutoa karibu 2.9 µV. Elektrodi ya 1 MΩ hutoa karibu 9 µV. Huwezi kuipunguza kwa chipu ya bei ghali, maana inatoka kabla ya chipu.

Kwa amplifaya kuna sheria moja ya kushika kichwani: kupunguza kelele kwa nusu kunagharimu mkondo mara nne. Amplifaya iliyobuniwa vizuri, yenye kipimo cha ufanisi wa kelele (NEF, namba ndogo ndiyo bora) cha 2.5, ikitaka kelele ya 5 µV kwenye upana wa 5 kHz huhitaji takriban 0.9 µA. Ikitaka 2.5 µV huhitaji 3.6 µA. Zidisha tofauti hiyo kwa chaneli 100 na utaona inakwenda wapi.

Kwa hiyo usikimbilie amplifaya tulivu kuliko zote. Kama elektrodi inapiga kelele ya 2.9 µV, amplifaya ya 5 µV inakupa jumla ya 5.8 µV (kelele hujumlishwa kwa mraba, si kwa kuongeza tu). Mlipuko wa 100 µV unaonekana wazi kabisa juu ya hapo. Amplifaya ya 1 µV ingekupa jumla ya 3.1 µV, kwa mkondo mara 25. Sijaona mradi wa mwanafunzi ambao ulihitaji hilo.

## Hatua ya 4: Jenga amplifaya

Umeme: betri inaingia MCP1700, inatoka volti 3.0. Weka 1 µF kila upande wake, na 100 nF karibu kabisa na mguu wa umeme wa kila chipu.

Volti ya katikati: rezista mbili za 1 MΩ zigawe volti 3.0 kuwa 1.5, na 1 µF kwenda hasi. Pitisha 1.5 hiyo kwenye nusu moja ya MCP6002 iliyofungwa kama mfuasi, yaani tokeo limerudishwa kwenye ingizo hasi. Kwa nini 1 MΩ na si 10 kΩ kama kwenye vitabu vya mafunzo? Kwa 10 kΩ ungechoma 150 µA bure, mara tatu ya amplifaya kuu. Kwa 1 MΩ ni 1.5 µA. Mara nyingi upotevu wa nguvu umejificha kwenye rezista za namna hii ambazo hakuna anayeziangalia.

Ngazi ya kwanza: INA333, rezista ya ukuzaji 11 kΩ. Ukuzaji ni 1 + 100/11, karibu 10. Mguu wa rejea uende kwenye volti 1.5. Kwa ukuzaji wa 10, volteji tuli ya 50 mV inakuwa nusu volti tu, na kuna nafasi ya kutosha.

Kuna mtego hapa. INA333 ikiwekwa ukuzaji wa 100, upana wake hushuka hadi 3.5 kHz, na milipuko inaanza kupoteza ncha zake. Kwa ukuzaji wa 10 una 35 kHz. Ndiyo maana tunagawa kazi kwa ngazi mbili.

Ngazi ya pili: kutoka INA333 pitia kapasita ya 100 nF, kisha rezista ya 5.1 kΩ, hadi ingizo hasi la nusu ya pili ya MCP6002. Ingizo chanya liende kwenye volti 1.5. Kati ya tokeo na ingizo hasi weka 510 kΩ, na sambamba nayo 68 pF.

Kapasita ya 100 nF na 5.1 kΩ hukata kila kilicho chini ya 312 Hz hivi, pamoja na volteji tuli yote. Rezista ya 510 kΩ na 68 pF hukata juu ya 4.6 kHz hivi. Ukuzaji ni 100, hivyo jumla yako ni karibu 1,000: kila maikrovolti 1 kwenye elektrodi inatoka kama milivolti 1. Nimechagua namba hizi makusudi ili usome skrini bila kikokotoo. Wimbi hutoka limepinduliwa juu chini, na hilo halina madhara.

Umefaulu ukiwa na 1.5 V kwenye tokeo la mwisho wakati maingizo yote mawili yameshikizwa kwenye volti ya katikati, na mkondo wa jumla kati ya 200 na 300 µA. Hesabu inasema INA333 ni 50, MCP6002 ni 200, na vilivyobaki ni 3. Kwa volti 3 hiyo ni karibu 0.76 mW. Kupima, weka rezista ya 10 Ω kwenye waya wa betri: kila milivolti 1 juu yake ni 0.1 mA. Ukiona 1 mA au zaidi, tafuta kipuri kilichogeuzwa au masalia ya lehemu kati ya miguu.

## Hatua ya 5: Ingiza bodi ndani ya sufuria

Sijafanya mzaha. Sufuria ya alumini yenye mfuniko ni ngao nzuri ya umeme na inapatikana kila soko.

Weka bodi na betri ndani, juu ya kipande cha mbao kavu. Unganisha sufuria na hasi ya sakiti kwa waya mmoja tu, kwa kubana klipu kwenye mpini. Hakikisha mfuniko unagusa chuma kwa chuma. Sufuria nyingi mpya zina tabaka lisilopitisha umeme, hivyo kwangua ukingo kwa kisu hadi multimita isome karibu na sifuri kati ya mfuniko na sufuria.

Shikiza maingizo mawili pamoja kwenye volti ya katikati, funga, na tazama tokeo kwenye skopu.

Umefaulu ukiona unyasi mwembamba wa kelele wa mV 4 hivi kwa wastani wa mraba (RMS), ambao machoni ni mkanda wa mV 24 kutoka juu hadi chini. Weka sasa 100 kΩ kwenye ingizo chanya kuiga elektrodi: mkanda unapanuka hadi mV 30 hivi. Ukiona upanuzi huo mdogo, furahi. Unachokiona ni joto la rezista lenyewe, na bodi yako ni tulivu vya kutosha kulionyesha.

Ukiona mawimbi ya 50 Hz, fuata mpangilio huu bila kuruka. Kwanza chomoa chaja ya kompyuta. Pili zima taa za tyubu. Tatu fupisha waya za kuingilia hadi chini ya sentimita 5 na uzisokote pamoja. Nne kagua kama sufuria imeunganishwa kwa waya zaidi ya mmoja, maana waya mbili hufanya duara linalonasa sumaku. Nilipoteza wiki mbili nikibadilisha kapasita kwenye bodi yangu ya kwanza, na kosa lilikuwa chaja iliyochomekwa ukutani upande wa pili wa meza. Tangu hapo chaja ndiyo naigusa kwanza.

Usikimbilie kuweka kichujio maalumu cha 50 Hz. Kinakula nguvu, kinaharibu umbo la mlipuko, na kinaficha ugonjwa badala ya kuutibu. Ndani ya mwili hakuna waya mrefu. 50 Hz unayopambana nayo ni ya meza yako.

## Hatua ya 6: Tuma 100 µV unazozijua

Bila ishara unayoijua ukubwa, hutajua kama unachokiona ni neva au redio ya jirani.

Cheza sauti ya 1 kHz kwenye simu, simu ikiwa haiko kwenye chaja. Rekebisha sauti hadi skopu isome kilele cha 100 mV. Pitisha kwenye 100 kΩ ikifuatiwa na 100 Ω, upande wa chini wa 100 Ω ukiwa kwenye volti ya katikati. Juu ya 100 Ω sasa kuna karibu 100 µV. Lehemu 100 Ω karibu na ingizo la INA333, ndani ya sufuria, ili waya mrefu ubebe ishara kubwa na si ile ndogo.

Umefaulu ukiona wimbi safi la kilele cha mV 90 hadi 100. Vichujio viwili vinapunguza kidogo kwenye 1 kHz, kwa hiyo 93 ni jibu sahihi, usihangaike nalo. Badilisha hadi 100 Hz: lazima lishuke hadi theluthi moja hivi. Lisiposhuka, 100 nF ina kasoro au umeweka thamani nyingine.

## Hatua ya 7: Glasi ya maji ya chumvi

Chukua vipande viwili vya waya wa fedha, uvisugue kwa msasa laini, na uvilaze kwenye Jik kwa dakika 20 hadi vigeuke kijivu cha kukoza. Suuza. Sasa vina ngozi ya kloridi ya fedha, na volteji yao tuli inatulia badala ya kutangatanga. Fanya kazi hii dirisha likiwa wazi.

Waya mmoja wa fedha uende kwenye ingizo hasi. Wa pili uende kwenye volti ya katikati kupitia 10 kΩ. Huu wa pili ndio husahauliwa kila mara. Bila huo, maji hayana makubaliano yoyote na sakiti kuhusu sifuri iko wapi, volteji inapaa taratibu, na baada ya sekunde chache amplifaya inanyamaza.

Waya mwembamba wa koili uende kwenye ingizo chanya. Ukate kwa wembe mkali mara moja, kwa pembe mraba, ili uso pekee ulio wazi uwe ncha. Ukiukwangua pembeni, umeme wote unavuja kupitia mkwaruzo na hunasi kitu cha mahali pamoja.

Tumbukiza waya mbili nyingine na upeleke humo ishara ya simu. Sogeza ncha ya waya mwembamba karibu na mbali. Utaiona ishara ikikua na kufifia kwa umbali wa milimita chache. Hivi ndivyo ilivyo ndani ya ubongo pia: neva iliyo mbali kidogo haisikiki, na elektrodi ikihama kidogo tu, unapoteza neva uliyokuwa ukiisikiliza.

## Hatua ya 8: Usirushe mawimbi, rusha maana

Hapa ndipo bajeti inapookolewa au kuzama.

Piga hesabu ya chaneli 32, kila moja sampuli 20,000 kwa sekunde, biti 16: ni Mb 10.24 kwa sekunde. Bluetooth ya nguvu ndogo haifiki hapo hata kwenye kasi yake ya juu. Hata kama ingefika, redio ya nRF52832 inavuta karibu 5.3 mA inaporusha. Ikirusha muda wote, hiyo ni mW 16 peke yake. Bajeti imekwisha na bado hujasoma neva hata moja.

Chagua kati ya njia mbili.

Njia ya kwanza, hesabu milipuko. Weka kizingiti, kila wimbi likikivuka, tuma namba ya chaneli na muda tu. Kwa milipuko 20 kwa sekunde kwa kila chaneli, biti 24 kwa kila mmoja, chaneli 32 hutoa kb 15.4 kwa sekunde. Umepunguza zaidi ya mara 600.

Kizingiti kiwekwe hivi: chukua sampuli za sekunde chache, ondoa alama hasi zote, zipange kwa ukubwa na utafute namba ya katikati, gawanya kwa 0.6745, zidisha kwa 4. Usitumie wastani. Milipuko mikubwa huuvuta wastani juu, kama tajiri mmoja mwenye eka 500 anavyoharibu wastani wa mashamba ya kijiji kizima. Namba ya katikati haimtambui. Kwa bodi yetu yenye kelele ya 5 µV, kizingiti kitaangukia karibu 20 µV. Baada ya kila mlipuko funga mlango kwa milisekunde 1, la sivyo mlipuko mmoja utahesabiwa mara tatu.

Njia ya pili, pima nguvu ya bendi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwa nyani kwamba nguvu ya bendi ya 300 hadi 1,000 Hz pekee inaweza kutumika kusoma mwendo ambao ubongo unaupanga. Kwetu hii ni zawadi. Badilisha 68 pF iwe 330 pF, kikomo cha juu kinashuka hadi 950 Hz hivi, na sampuli 4,000 kwa sekunde zinatosha badala ya 20,000. Pandisha kila sampuli kwa mraba, chukua wastani wa kila milisekunde 50, tuma namba moja. Chaneli 32 zinatoa kb 10.24 kwa sekunde, sawasawa moja ya elfu ya tulipoanza.

Kama lengo lako ni kusogeza kishale kwenye skrini au mkono wa bandia, mimi naipendelea njia ya pili. Ni sugu zaidi, haina kizingiti cha kurekebisha kila asubuhi, na haishtuki neva moja ikipotea. Njia ya kwanza ibaki kwa anayetaka kuzitambua neva mojamoja.

Kwa vyovyote, iache CPU ilale. nRF52832 ikifanya kazi kwa mfululizo huvuta karibu 3.7 mA, yaani mW 11. Panga sampuli ziingie kwenye kumbukumbu zenyewe, CPU iamke kila milisekunde 10, ifanye hesabu kwa milisekunde 1, irudi kulala. Sehemu ya CPU inashuka hadi karibu 0.37 mA.

Umefaulu ikiwa rezista yako ya 10 Ω, ikipimwa kwa skopu, inaonyesha vilele vifupi vyenye bonde refu katikati. Ukiona mstari ulionyooka juu, kuna kitu hakilali. Mara nyingi ni laini ya kutuma maandishi kwenye kompyuta, ambayo umeisahau ikiwa wazi.

## Hatua ya 9: Kuhamia chaneli 32

Ukizidisha chaneli yetu ya 0.76 mW kwa 32 unapata mW 24. Vipuri vya kawaida vimefika mwisho wao, na ni vizuri umeufikia mwisho huo kwa hesabu. Amplifaya iliyochapishwa na Harrison na Charles mwaka 2003, iliyobuniwa kwa ajili ya kazi hii tu, ilitumia maikrowati 80 kwa kelele ya 2.2 µV. Thelathini na mbili za namna hiyo ni mW 2.6.

Huhitaji kuchapa chipu yako. Chipu ya RHD2132 ya kampuni ya Intan ina amplifaya 32 na kibadilishi cha biti 16, cha kugeuza umeme kuwa namba, ndani. Kila hatua ya namba zake ni 0.195 µV, na inapokea hadi ±5 mV. Kuna mambo mawili yanayoangusha karibu kila anayeianza:

1. Majibu huchelewa kwa amri mbili. Ukiomba chaneli ya 5, jibu lake linakuja kwenye amri ya tatu. Asiyejua hili huona data nzuri kwenye chaneli zisizo zake. Soma kwanza rejista (vyumba vya kumbukumbu vya chipu) 40 hadi 44: lazima zikupe herufi I, N, T, A, N. Zikija kwa mpangilio huo, mawasiliano yako ni sahihi. Zikija zimesogea, rekebisha hesabu ya ucheleweshaji.
2. Upana wa bendi ni nguvu. Kwenye chipu hii, kadiri unavyofungua masafa ya juu ndivyo amplifaya zinavyovuta mkondo. Kuiacha kwenye 20 kHz wakati unatumia 1 kHz ni kuacha bomba wazi. Zima pia kila chaneli ambayo elektrodi yake imekufa. Chipu ina uwezo wa kupima impedansi (ukinzani wa elektrodi) yenyewe, utumie.

## Hatua ya 10: Kufunika

Maji ya mwili huingia kila mahali. Kabla ya kufunika, safisha bodi kwa alkoholi ya isopropili mara mbili, suuza kwa maji yaliyotoneshwa (distilled), kausha kwenye joto la 60 °C kwa saa kadhaa. Chembe ya chumvi au ya dawa ya kulehemu ikibaki chini ya kifuniko huvuta maji kama kitambaa, lengelenge linaota, na njia za shaba zinaliwa.

Usitumie silikoni ya madirisha yenye harufu ya siki. Harufu ile ni asidi inayotoka silikoni inapokauka, na inakula shaba. Tafuta silikoni isiyotoa asidi kwa majaribio ya mezani. Kifaa cha kweli huhitaji silikoni ya kitabibu, tabaka la parilini C (plastiki nyembamba ya kufunikia), au kopo la titani lililozibwa kabisa.

Ili kujaribu kifuniko, tengeneza kwenye ubao mtupu njia mbili za shaba zilizo sambamba, umbali wa nusu milimita, uzifunike vilevile kama bodi, na uzitumbukize kwenye maji ya chumvi ya 67 °C zikiwa na volti 3 kati yao. Kwa kanuni ya kawaida, kila 10 °C juu ya joto la mwili huharakisha uzee mara mbili, hivyo 67 °C ni mara nane. Siku 30 kwenye chungu hicho zinasimama badala ya siku 240.

Pima mkondo unaovuja kila asubuhi na uuandike kwenye daftari. Multimita ya kawaida haitauona moja kwa moja: weka 1 MΩ kwenye mzunguko na usome volteji yake, milivolti 1 ni nanoampea 1. Umefaulu ikiwa mstari unabaki kwenye nanoampea chache wiki baada ya wiki. Ukipanda ghafla, toa ubao, ukate kifuniko kwa wembe chini ya taa, na utafute doa la kijani. Litakuwa karibu kila mara mahali waya unapotoka nje ya kifuniko. Anza tena na hapo.